Darini, Langoni: ukwaju wa kusifiwa, televisheni ya kuchelewa

Mwanamke wa Lamu mwenye kupenda mpira hana pengi pa kwenda. Kuna vibanda vya vijana, na huko utakaa na moshi wa sigara na vijiti vya miraa, na kila anayeingia akutazame wewe kwanza kabla ya kutazama mechi. Kuna mahoteli ya ufuoni, huko heshima ipo, lakini soda moja hula pesa ya kitoweo cha nyumba nzima, na mgeni wa meza ya pili ataomba wamuwekee raga. Halafu kuna darini.

Darini ni mkahawa ulio juu ya nyumba ya watu, mtaa wa Langoni. Hauna kibao. Utapanda ngazi za mawe za zamani, nyembamba na za kusimama wima, utatokea chini ya makuti, na mwenyewe ni mzee ambaye wakubwa kwa wadogo twamwita Ami. CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya mpira ya Afrika, niliitazama hapo, mimi na wifi yangu, tangu Kenya ilipoanza mpaka Morocco ilipobeba kombe. Mkahawa nitausifu na nitausema, na mpira nao nitausema, kwa sababu mahali pa kutazamia mpira hupimwa kwa mechi. Kahawa ya asubuhi kila mtu aweza kuipika vizuri.

Kilichonifanya niwe narudi ni upande wa kina mama. Umetengwa, lakini haukufungiwa kama jela. Tumewekewa mikeka na mito nyuma, upande wa bahari, na mwezi wa nane kusi ikivuma huhitaji feni wala kipepeo. Anayetuhudumia ni bintiye Ami, kwa hiyo hakuna mwanamume anayepita juu ya miguu ya watu na sinia kichwani. Siku ya kwanza kijana mmoja alitaka kuweka kiti chake mbele yetu. Ami hakupaza sauti. Alikiinua kile kiti, kijana akiwa angali amekishika, akakipeleka kulee karibu na ngazi, kisha akatugeukia: "Ndooni, wanangu, ketini." Hilo peke yake lina thamani ya nyota mbili.

Jambo jingine ni taa. Mimi nashona kofia za mkono, na kofia haingoji mpira uishe. Upande wetu una taa nyeupe, nzuri, inayoonyesha uzi na kitambaa hata baada ya magharibi. Sijaona mkahawa mwingine Lamu ambao mtu aweza kushona na kutazama mpira pamoja bila kuumia macho. Najua wengi mnaosoma hapa hili haliwahusu. Mimi lanihusu.

Kasoro ya upande wetu ni nguzo. Boriti inayobeba makuti imesimama kati ya macho yetu na televisheni, na ukikaa ukutani inakukatia upande mzima wa uwanja. Winga wa kushoto wa Kenya, vipindi vya kwanza, mimi namjua kwa kuhadithiwa tu. Dawa yake ni kufika mapema ukatwaa mto wa upande wa ngazi, au uwe na wifi kama wangu, ambaye ametoka kwao saa nane kwa mechi ya saa tisa na bado alifika akilalamika kuwa amechelewa.

Chakula. Maji ya ukwaju ya darini ni mazito, sukari haikuzidi, yametiwa chembe ya chumvi na pilipili manga, na yanakuja baridi kweli, si yale ya kutiwa barafu mpaka yakawa maji matupu. Shilingi 100, na gilasi ni kubwa. Viazi karai vinakaangwa ukiagiza, ganda jembamba, ndani kiazi kimeiva mpaka katikati, na vinaletwa na chatini ya nazi yenye ndimu ya kutosha. Agiza hivyo viwili na umemaliza. Mishkaki iache. Siku za kawaida ni ya wastani, siku ya mechi kubwa nyama haipewi muda wa kulainika, na utaitafuna mpaka dakika za nyongeza. Niliwahi kuuliza kama kuna mkate wa mofa, nikaambiwa kesho. Mpaka CHAN inaisha ilikuwa ni kesho.

Bei ya kiti ndipo tunapoanza kugombana. Mechi ambazo Kenya haichezi unaingia bure ukinunua chochote. Mechi za Kenya ukawekwa utaratibu kuwa kila kichwa lazima kitumie shilingi 200. Sawa, hilo laeleweka, viti ni vichache. Ilipofika robo fainali ikapanda hadi 300, na mlangoni kijana akigawa vikaratasi vilivyopigwa muhuri, eti bila kikaratasi huuziwi hata maji. Tulipouliza kwa nini, tukaambiwa ni mechi ya mtoano. Kwani ukwaju nao umeingia mtoano?

Tuje kwenye mpira. CHAN, kwa asiyefuatilia, ni mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao tu. Wale wa Ulaya hawaruhusiwi. Safari hii wenyeji walikuwa watatu pamoja, Kenya, Tanzania na Uganda, na kwa Kenya ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kucheza mashindano haya. Kundi letu lilikuwa na Morocco na Kongo ya Kinshasa, ambao kila mmoja alishalibeba kombe hili mara mbili, kisha Angola na Zambia. Darini watu walikuwa wamekwisha kutuzika. Jumapili ile ya Kongo, saa tisa mchana, viti vilikuwa vitupu kuliko siku ya kawaida ya Arsenal. Mkenya akitazama ligi ya Uingereza anavaa jezi. Akitazama Harambee Stars anavaa wasiwasi.

Austin Odhiambo akatufungia bao mwisho wa kipindi cha kwanza, tukashinda 1-0. Mechi yenyewe sikuipenda sana, mipira mingi ilikuwa inapigwa juu. Lakini kutoka hapo vikaratasi vya Ami vikaanza kupata maana.

Ya Angola ilikuwa Alhamisi, saa moja usiku. Angola walitangulia mapema, Odhiambo akasawazisha kwa penalti, na dakika ya 21 Marvin Nabwani akala kadi nyekundu. Mtu kumi dhidi ya kumi na mmoja, na zaidi ya saa nzima imebaki. Ndipo stima ikapotea, mtaa mzima. Hilo simlaumu Ami, kila mtu wa Lamu ajua stima zetu. Ninalomlaumu ni jenereta. Ipo, imewekwa chini uani, na siku hiyo ilikuwa haina mafuta. Hebu fikiria: kuna mechi ya taifa usiku, na jenereta haina mafuta! Kijana akatumwa na jerikeni, sisi tukabaki gizani watu kumi kumi kwenye simu moja, na ilipowaka Kenya ilikuwa ingali imesimama, 1-1, na ikasimama hivyo hivyo mpaka mwisho. Ami alitupa kaimati za bure kama kuomba radhi. Zilikuwa za moto na nilizipokea, lakini tangu siku hiyo nikipanda ngazi nachungulia uani kwanza.

Ya Morocco, Jumapili ya tarehe 10, ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ryan Ogam alifunga dakika chache kabla ya mapumziko, na kabla hatujakaa vizuri Chrispine Erambo naye akatolewa kwa nyekundu. Mechi mbili mfululizo, kadi nyekundu mbili, zote kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili nilikuwa na kofia mkononi na sikutia uzi hata mmoja. Mabeki wa Kenya walikuwa wanakimbia kwa pamoja, mmoja akitoka mwenzake yuko nyuma yake, na Byrne Omondi langoni hakuna mpira aliouogopa. Morocco walipasiana mpaka wakachoka wenyewe. Nina maoni ambayo wifi yangu hayakubali: Kenya ya watu kumi ilicheza mpira mzuri kuliko Kenya ya watu kumi na mmoja. Wakiwa kumi kila mtu ajua kazi yake. Wakiwa kumi na mmoja, mmoja hungoja mwenzake afanye.

Rais Ruto alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi, kwa hiyo filimbi ya mwisho ilipolia kuna waliokuwa wakishangilia na kuna waliokuwa wakipiga hesabu kwa vidole. "Hiyo ni boti mpya na mashine yake," akasema mzee mmoja, bila wivu, kwa huzuni tu. Kocha Benni McCarthy, ambaye enzi zake alibeba kombe la mabingwa Ulaya akiwa na Porto mwaka 2004, alionyeshwa akitembea ukingoni. Wifi yangu akasema huyu baba amenenepa lakini ajua anachofanya. Zambia nao wakafungwa 1-0 Jumapili iliyofuata, Ogam tena, tukaongoza kundi kwa pointi 10.

Sasa niliseme lile kubwa ambalo Ami hataki kulisikia. Televisheni ya darini ni kubwa na picha ni safi, lakini yapokea mechi kwa intaneti. Kibanda cha nyumba ya pili, ng'ambo ya kichochoro, kina antena. Tofauti yao ni sekunde kadhaa, pengine nusu dakika mtandao ukilemewa. Vichochoro vya Langoni mwavijua: ukinyosha mkono waweza kumwamkia jirani. Kwa hiyo kila bao sisi twalisikia kwanza, kisha twaliona. Ogam anapokea mpira, hajageuka, ng'ambo wameshaanza kuruka. Mechi ya kawaida waweza kuvumilia, hata ina raha yake, maana wajua jambo jema linakuja. Mechi ya mtoano ni mateso.

Robo fainali tulipewa Madagascar, Ijumaa ya tarehe 22, saa kumi na moja jioni. Wazee wa darini wakisema "Wabuki", ndivyo tuwaitavyo watu wa Madagascar, na kucheka, kana kwamba tumepewa mtoto. Mimi sikucheka. Madagascar walishika nafasi ya tatu mashindano yaliyopita, na ligi yao ndogo haijawazuia. Kwanza walikuwa wametoka kundi la Tanzania, na Tanzania waliwafunga 2-1 tu.

Kipindi cha kwanza hakuna bao. Dakika ya 48, Alphonce Omija akaruka akapiga kichwa, tukalisikia ng'ambo, tukaliona, tukaruka mara ya pili. Bintiye Ami aliangusha sinia na hakuna aliyemuuliza habari za gilasi. Hapo, kwa macho yangu, ndipo tulipoipoteza mechi. Kenya wakaanza kurudi nyuma, kila mpira kupigwa mbali, kila urushaji kuchukua dakika nzima. Mbona wakati wa Morocco walirudi nyuma wakafaulu? Kwa sababu wakati ule walikuwa hawana budi. Safari hii walikuwa wamekamilika na wakachagua wenyewe kucheza kama walioonewa.

Kisha ikaadhiniwa magharibi.

Darini kuna desturi ambayo lazima uijue kabla hujalipa shilingi 300 zako. Adhana ya magharibi ikianza, sauti ya televisheni inazimwa, na Ami anatundika leso, yaani kanga, juu yake, kwenye misumari miwili iliyopigwa kwa kazi hiyo. Wanaume wanashuka msikitini, kina mama twaingia chumba cha ndani, na leso haitoki mpaka swala iishe. Ni kama dakika kumi. Ile leso ni ya rangi ya machungwa na nyeusi, na maandishi yake ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wanaobaki ni ndugu zetu Wakristo, wengi wao walimu na maafisa wa kutoka bara, na wao hubaki wakiitazama leso. "Ami, basi tuachie sauti," mwalimu mmoja aliomba, kwa adabu kabisa. Ami akamjibu kwamba sauti ndiyo mbaya zaidi.

Nilikuwa ndani, rakaa ya mwisho, niliposikia ng'ambo. Si kelele ya bao. Ni ile sauti ndefu ya watu wengi kutoa pumzi pamoja. Niliimaliza swala yangu, nikatoa salamu kulia na kushoto, na kushoto nikakutana na macho ya wifi yangu. Yeye pia alikuwa amesikia. Tulipotoka, leso ikiondolewa, ubao ulisoma 1-1. Penalti, dakika ya 69, Fenohasina Razafimaro. Walimu wakasema wao waliiona kwenye simu ya mmoja wao, wakakaa kimya kwa kutuheshimu.

Kuna wateja waliokasirika na wakasema hawarudi tena kwa sababu ya leso. Mimi siungani nao. Magharibi wakati wake ni mfupi, na mtu aliyekuja kula kwa Ami ajua kwa Ami ni kwa nani. Ninachodai ni kidogo: kikaratasi cha shilingi 300 kiandikwe kabisa kwamba dakika kumi za mechi ni za leso, ili mgeni asiyejua aamue mwenyewe mlangoni. Na kama dakika hizo hazionyeshwi, mbona bei ipande?

Dakika tisini zikaisha, za nyongeza zikaisha, na tulipokuwa twajipanga kwa mikwaju ya penalti ikaadhiniwa isha. Watu wote waligeuka kumtazama mzee. Mwalimu akauliza polepole, "Ami, na leso?" Ami alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, mikono kifuani, macho yako kwenye televisheni. "Isha ina wasaa," akasema. Sijapata kusikia fatwa iliyopokelewa kwa furaha kama ile.

Lakini ndipo jirani na antena yake akatumaliza. Mpigaji wa Kenya anatenga mpira, anarudi hatua tano, refa hajapuliza, na ng'ambo wameshapiga mayowe. Wajua amepata. Mwingine anatenga, ng'ambo kimya. Wajua amekosa, na bado yuko pale mbele yako anavuta soksi, hajui. Mwalimu aliziba masikio kwa viganja viwili. Kijana mmoja akashauri tupige kelele sisi wenyewe tuizidi ya jirani, na tukafanya hivyo, tukapiga meza na masinia, ikasaidia kwa mkwaju mmoja tu kabla hatujachoka. Nne kwa tatu. Kenya nje. Tulikuwa tumeshapata habari, lakini tulikaa tukautazama mkwaju wa mwisho hadi uishe, kama watu wanaosubiri daktari abadilishe kauli.

Usiku ule ule saa mbili Tanzania walicheza na Morocco, Dar es Salaam, na hapa mkahawa nausifu tena. Watu wengi walikuwa wameshashuka, chakula hakinunuliwi, lakini Ami hakuzima. Walibaki wavuvi wa Kipemba waliokuwa wamekuja kwa msimu, na sisi wachache. Mmoja wao alitutania kwamba Wakenya mmeongoza kundi mkabaki kwenu Nairobi, na sisi mmetutupia Morocco. Ni kweli, Morocco walimaliza na pointi 9, wakapelekwa kwa Taifa Stars, ambao nao walikuwa wameongoza kundi lao kwa pointi 10. Oussama Lamlioui akafunga bao moja na likatosha. Kesho yake Uganda nao wakafungwa 1-0 na Senegal. Wenyeji watatu, wote robo fainali, wote nje. Mpemba alilipa ukwaju wake na wa mwenzake, akavaa kanda mbili, hakututania tena.

Nusu fainali sikuziona vizuri, tulikuwa na arusi. Madagascar waliitoa Sudan kwa bao la dakika za nyongeza, na Morocco wakaitoa Senegal kwa penalti. Hao Sudan nawaheshimu. Nchi ina vita, ligi haina pa kuchezea, na kule Zanzibar waliwafunga Nigeria mabao manne kwa bila.

Fainali, Jumamosi ya tarehe 30, Kasarani, saa kumi na mbili jioni. Hesabu nilikuwa nimeshaifanya kabla ya kupanda ngazi: magharibi ingetukuta kipindi cha kwanza. Darini palijaa tena, bei ni ile ile 300, na karibu wote tulikuwa upande wa Wabuki, kwa sababu ukishatolewa na mtu wataka afike mbali. Clavin Manohantsoa akawatangulizia dakika ya 9. Adhana. Leso. Dakika ya 27 Youssef Mehri akasawazisha, na leso ingali imetundikwa. Nilipotoka ndani vijana walikuwa wanasema leso ya Ami ndiyo mfungaji bora wa mashindano, na Ami mwenyewe alikuwa anacheka mpaka kofia imekaa upande.

Mfungaji bora wa kweli alikuwa Lamlioui, mabao sita. Aliifungia Morocco la pili kabla ya mapumziko, Toky Rakotondraibe akasawazisha dakika ya 68, na dakika ya 80 Lamlioui akaona kipa ametoka langoni. Alipiga kutoka mbali sana. Kwa mara ya kwanza mwezi mzima ng'ambo walikuwa hawakupiga kelele mapema. Nadhani nao walikuwa hawaamini wanachokiona. Mpira ulipita juu ya kila mtu ukashuka nyavuni, nami niliuona wote, toka mguuni hadi wavuni, kwa kuwa siku hiyo wifi alikuwa amenipisha mto wake. Morocco 3, Madagascar 2. Kombe lao la tatu, baada ya yale ya 2018 na 2020. Wameshinda kwa haki, ila timu ya mashindano kwangu ni Madagascar.

Mengine ya kujua ukienda. Choo ni safi, kiko chini uani, jirani na jenereta, na ngazi usiku hazina taa, kwa hiyo chukua tochi ya simu na mzee wako mshike mkono. Malipo ni taslimu au kwa simu, lakini mtandao ukiwa na mechi simu haimalizi kutuma, beba noti ndogo. Watoto wanaruhusiwa, ila ukuta wa darini ni mfupi, usimwache mtoto peke yake upande wa kichochoro. Punda wa maji hupita chini saa za jioni na mwenye punda hupiga ukelele wa "similaa!" unaofanana sana na ukelele wa bao, mgeni mmoja aliruka na gilasi yake bure.

Kwa jumla nampa Ami nyota nne kasoro. Nusu nimeikata kwa bei ya robo fainali, nusu kwa nguzo, na iliyobaki ni ya intaneti. Nilimwambia wazi siku ya fainali, nikilipa: Ami, mpira wa 2027, AFCON yenyewe, unakuja hapa hapa Kenya, Uganda na Tanzania, na wewe bado huna antena. Akaniambia ameshaongea na fundi, atakuja kesho.